Mheshimiwa Waziri, Tunaomba Tupigwe kwa Mujibu wa Sheria

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya michezo,
Dodoma.

YAH: OMBI LA WAAMUZI WA MPIRA WA MIGUU WA NGARA NA BIHARAMULO KUTAMBULIWA NA SHERIA PINDI WANAPOPIGWA

Mheshimiwa,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Kwanza kabisa naomba radhi kwa kukuandikia mbele za watu, bila kupitia kwa mwajiri wangu, Afisa Michezo wa Wilaya, Katibu Tawala na wengine wote ambao utaratibu unawataka waione barua kabla yako na kuigonga mihuri. Nawaheshimu wote. Niliogopa tu kwamba ikipita kwao wote itakufikia siku ambayo mimi nimeshastaafu na wewe umeshapangiwa majukumu mengine.

Naomba radhi pia kwa lugha. Kwenye ripoti zetu za mchezo tumezoea kuandika kwamba "ilitokea sintofahamu kidogo dakika ya 83 na mchezo ukasimama." Nimeona nikikuandikia hivyo utadhani mvua ilinyesha. Dakika ya 83 tulipigwa.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na mwisho wa wiki ni mwamuzi wa daraja la tatu. Nachezesha upande huu wa Ngara, Rusumo, Benaco, Kabanga na Rulenge, na nikipangiwa naenda Biharamulo hadi Nyakahura, Lusahunga na njia panda ya Nyakanazi. Huku kwetu Kigali iko karibu kuliko Dodoma, kwa hiyo sikulaumu hata kidogo kama sauti zetu zinakufikia zimeshachoka njiani.

Kwa kuwa majukumu yako mazito huenda hayajakupa nafasi ya kuviona viwanja vyetu, niruhusu nivieleze kwa ufupi. Uzio hakuna. Mistari huchorwa kwa chokaa mfadhili akiwepo na kwa majivu asipokuwepo, na ikifika kipindi cha pili haionekani tena kwa sababu watazamaji wameshaikanyaga. Mshika kibendera hukimbia kwenye kichochoro kati ya magoti ya watu na mstari ambao ni yeye peke yake anayeukumbuka. Akinyoosha kibendera kwamba mtu ameotea, aliye nyuma yake ana fimbo ya kuchungia au mwavuli, na yuko umbali wa mkono. Chumba cha kubadilishia nguo ni kivuli cha mkaratusi. Nyuma ya goli moja amefungwa mbuzi wa mshindi wa pili. Nyuma ya goli jingine, kama mwamuzi ni mzoefu, kuna bodaboda aliyelipwa nauli ya kurudi kabla mpira haujaanza, na ameagizwa kwamba kuanzia dakika ya 85 pikipiki iwe inaunguruma. Nauli hiyo inatoka kwenye posho. Posho ikichelewa, inatoka kwenye mshahara wa mwalimu.

Vijana wanaoanza uamuzi tunawafundisha mambo haya mapema kabisa. Filimbi ya mwisho usiipulize ukiwa katikati ya uwanja: jongea taratibu upande wa barabara, ngoja mpira utoke nje, ndipo upulize, na ukishapuliza usisimame kueleza. Kadi nyekundu ukiitoa upande wenye mashabiki wa timu husika, rudi nyuma hatua kadhaa huku bado umeinyanyua. Saa na simu mwachie mwalimu mwenzako. Hayamo kwenye kitabu cha sheria 17 za mpira, lakini bila hayo kitabu hakikusaidii kitu.

Ligi zenyewe, Mheshimiwa, mara nyingi ni zenu. Nikisema zenu namaanisha waheshimiwa kwa ujumla, na nasema kwa shukrani. Diwani ana kombe lake, mbunge ana lake, na uchaguzi ukikaribia hata anayewaza tu kugombea huwa na lake. Bila makombe hayo vijana wengi wa vijijini wasingeijua jezi. Bingwa anapewa ng'ombe, wa pili mbuzi, wa tatu mpira na seti ya jezi. Mwamuzi anapewa soda. Huwa ya moto, lakini ni soda. Sasa fainali ya kata kwa kata, yenye ng'ombe mzima anayetafuna majani pembeni, haiwezi kuwa ya kirafiki hata mgeni rasmi ahubiri amani nusu saa. Watu wamekuja kwa malori, wameshatuhumiana kuleta mamluki kutoka ng'ambo ya mpaka, na kila upande unaamini kwa dhati kwamba refa kanunuliwa na upande wa pili.

Mwenzangu mmoja, ambaye sitamtaja wala kutaja uwanja kwa kuwa hadi leo ni jirani wa waliompiga, alitoa penalti zikiwa zimebaki dakika chache. Ilikuwa halali. Hata yule beki aliyeushika mpira alikuja kukiri, ila alikiri miezi kadhaa baadaye, msibani, watu wakiwa wametulia. Siku yenyewe mwenzangu aliangushwa, akapigwa mateke, akapasuliwa juu ya jicho. Kwenye zahanati aliambiwa kwanza alete PF3, fomu ya polisi. Akaenda kituoni, filimbi ikiwa bado inaning'inia shingoni, akaulizwa kama yeye ni refa. Akasema ndiyo. Akaambiwa mambo ya mpira yamalizwe kwenye mpira. Fomu alipewa, tunashukuru, kesi haikufunguliwa.

Kwenye mpira nako yakamalizwa. Timu ilifungiwa na kutozwa faini, faini haikulipwa, kwa sababu ile ilikuwa timu ya kombe na kombe lilikuwa limekwisha, na timu nayo ikawa imekwisha. Msimu uliofuata wachezaji walewale walirudi kwa jina jipya. Wazee wa pande zote mbili wakaketi, likaletwa kreti la soda, mwenzangu akaombwa asamehe kwa maslahi ya kijiji. Akasamehe. Mtu anayewafundisha kusoma watoto wa waliompiga, ulitaka afanyeje?

Hiyo kauli ya mambo ya mpira kumalizwa kwenye mpira, Mheshimiwa, ina asili yake, na naomba uvumilivu wako niifuatilie kidogo. FIFA haipendi migogoro ya soka ipelekwe kwenye mahakama za kawaida, na mashirikisho wanachama, TFF likiwemo, yanatakiwa kufuata msimamo huo. Ni utaratibu mzuri. Unahusu nani apewe pointi, mchezaji kasajiliwa wapi, nani kashinda uchaguzi wa chama. Jicho la mwamuzi halimo. Mtu akivunjwa taya ndani ya boksi la penalti amevunjwa taya ndani ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, na sijapata kuona Katiba inayosema mamlaka ya Jamhuri yanaishia kwenye kibendera cha kona. Lakini vijijini kauli hiyo imeshakuwa sheria kamili. Inatumiwa na viongozi wa timu, wenyeviti wa vijiji na, nalisema hili kwa unyenyekevu, baadhi ya wanaopaswa kuandika maelezo ya mlalamikaji.

Sikatai kwamba sheria ipo. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inaadhibu shambulio la kawaida katika kifungu cha 240 kwa kifungo cha hadi mwaka mmoja. Shambulio lililosababisha madhara ya mwili linafikia miaka 5, na kudhuru vibaya ni zaidi ya hapo. Anayempiga refa anaweza kushtakiwa kwa vifungu hivyo, sawasawa na aliyempiga mnywaji mwenzake kilabuni. Hapo ndipo tunapoumia mara ya pili. Tunahesabiwa kama ugomvi wa kilabuni, ugomvi wa watu wawili waliokoseana, na kwa makosa ya namna hiyo sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai inamruhusu hakimu kuwahimiza wahusika wapatane. Mimi na bwana aliyenipiga hatukukoseana. Mimi nilipuliza filimbi.

Ukipata nafasi kati ya safari zako, naomba usome kifungu cha 243. Humo wamewekwa kando watu wachache ambao kuwashambulia ni kosa la hadi miaka 5, hata kama kofi halikuacha alama. Yumo askari polisi akiwa kazini. Yumo anayekamata mali kwa amri ya mahakama. Na yumo mtu yeyote anayeshambuliwa kwa sababu ya jambo alilolitenda katika kutimiza wajibu aliowekewa na sheria. Nilipofika hapo, Mheshimiwa, nilisimama nikazunguka chumba. Nilidhani ni sisi! Tuna sheria 17, na ya 5 nzima ni ya mwamuzi. Mwanasheria mmoja niliyemfuata Biharamulo mjini alinituliza kwa upole mkubwa. Sheria zenu, akanieleza, hutungwa na bodi ya kimataifa iliyoko Zürich na wala hazikupita bungeni. Wakili wa upande wa pili akisimama na kusema hivyo, utabaki mwananchi mwenye filimbi.

Kwa hiyo jioni moja, uwanja mmoja, kijana mmoja akitoa makofi mawili, moja kwa askari aliyesimama karibu na kona na jingine kwangu, makofi hayo yanapimwa kwa mizani mbili. Simwonei askari wivu. Anastahili kinga yake, na ningefurahi sana kama angekuwepo.

Usidhani ni mambo ya mashambani pekee. Machi 2012, kwenye Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, katika mechi ya Azam na Yanga, mwamuzi Israel Nkongo alishambuliwa na wachezaji mbele ya kamera za televisheni. Kilichobaki vichwani mwa watu ni adhabu za mpira: fulani kafungiwa, fulani katozwa faini. Kijana wa Rulenge aliyeyaona yale kwenye runinga ya kibanda umiza alijifunza bei ya refa, na akajua inalipika.

Huko nje wenzetu wameshachoka. Desemba 2023, mjini Ankara, mara tu baada ya filimbi ya mwisho, mwamuzi Halil Umut Meler aliangushwa kwa ngumi na Faruk Koca, rais wa klabu ya Ankaragücü, kisha akapigwa mateke akiwa chini. Ligi ilisimamishwa nchi nzima. Aliyepiga alikamatwa akashtakiwa kwa kumjeruhi mtumishi wa umma, maana Uturuki ina sheria ya kuzuia vurugu michezoni inayomhesabu mwamuzi hivyo, na mwaka 2024 mahakama ikampa miaka 3 na miezi 7. Koca aliwahi kuwa mbunge. Nalitaja hilo kwa ajili ya ukamilifu wa habari tu. Huku kwetu waheshimiwa hukaa jukwaani kwa utulivu wa kupigiwa mfano, na mmoja wao akiinuka akaninyooshea kidole mbele ya wapiga kura wake, mimi huchukulia kwamba ananisalimia.

Ufaransa ilitunga sheria Oktoba 2006 inayosema mwamuzi akiwa kazini ni mtu aliyekabidhiwa huduma ya umma, na anayempiga aadhibiwe hivyo. Italia imeelekea huko mwaka 2025. Majimbo mengi ya Marekani yana vifungu vyao maalumu kwa waamuzi wa michezo. Na kwa wanaosema mambo ya watoto wadogo yaachwe, Desemba 2012 katika mji wa Almere, Uholanzi, baba mmoja aitwaye Richard Nieuwenhuizen alijitolea kushika kibendera kwenye mechi ya vijana ambayo mwanawe alikuwa anacheza. Baada ya mechi alipigwa mateke na wachezaji wa timu pinzani, na siku ya pili akafariki. Vijana kadhaa na mzazi mmoja walihukumiwa mwaka uliofuata. Uholanzi ina uzio, ina ambulensi, ina kila kitu tunachokosa Nyakahura.

Najua wasaidizi wako watakunong'oneza kwamba waamuzi wenyewe ndio tatizo, wanakula rushwa, hawajui sheria, wanabeba timu. Wapo. Nimechezesha na wengine wao, na mmoja alinifanya nione aibu kuvaa rangi moja naye. Ila wenye kushughulika na rushwa wapo pia. TAKUKURU ipo hadi wilayani, na anayeamini nimekula ng'ombe anakaribishwa huko na ushahidi wake. Sijaona mahali palipoandikwa kwamba mashabiki wanaweza kusikiliza shauri la rushwa kwa kutumia mawe. Daktari anakosea, hakimu anakosea, hata Bunge lako tukufu, kwa bahati mbaya sana, huwa linarekebisha sheria lililozipitisha lenyewe.

Wala sina hamu ya kuona kijana wa miaka 20 anaozea gerezani kwa jazba ya dakika moja. Miaka 5 ni kilele, hakimu anaweza kushuka hadi faini au kifungo cha nje, na mara nyingi angefanya vizuri kushuka. Ninachokililia ni kesi ambayo ikishafunguliwa haiwezi kufutwa kwa kreti la soda, kwa kuwa mlalamikaji ni Jamhuri na si mimi ninayekutana na baba wa mshtakiwa kila asubuhi kisimani. Vijana wetu wana akili. Wakishaona wawili wamepanda kizimbani kwa sababu ya refa, wa tatu atatukana tu, na matusi tumeyazoea.

Hivyo ombi letu ni dogo, na nimejitahidi lisikuletee gharama. Sheria ya Baraza la Michezo la Taifa ni ya mwaka 1967. Ikikupendeza kuipeleka tena bungeni, tunaomba iongezwe aya moja tu: kwamba anayechezesha mchezo ulioruhusiwa na mamlaka anatimiza wajibu aliowekewa na sheria, tangu anapofika uwanjani hadi anapoondoka salama. Maneno "hadi anapoondoka" tunayaomba kwa namna ya pekee. Uwanjani tunapigwa kidogo. Tunapigwa zaidi njiani.

Na kwa kuwa makombe ni yenu, tunaomba pia, kwa taadhima, kwamba asiruhusiwe mtu kutangaza kombe wilayani kabla hajaonyesha nani atalipia askari wawili, kamba ya kuzungushia uwanja na sanduku la huduma ya kwanza. Aliyeweza kununua ng'ombe hatashindwa na kamba. Kama atashindwa, apunguze zawadi iwe mbuzi, na mbuzi naye, ukiniruhusu, angepunguza hasira za wengi.

Nikuibie dakika moja zaidi. Mkoa wetu huu wa Kagera umemtoa Jonesia Rukyaa, mwanamke aliyepata beji ya FIFA akasimama katikati ya Simba na Yanga. Wasichana shuleni kwangu wanamjua kwa jina. Nilikuwa na binti mmoja aliyesoma mstari wa kuotea vizuri kuliko wanaume wote niliowahi kupangwa nao. Alikuwa hatazami mpira, anasikiliza mguu wa mpigaji na kuangalia beki wa mwisho. Baada ya fainali moja mama yake alikuja shuleni na kibendera kimefungwa kwenye kanga, kimefuliwa na kupigwa pasi, akanikabidhi mkononi na kunishukuru kwa yote. Hakueleza, nami sikuuliza, kwa kuwa kwenye fainali hiyo nilikuwepo. Mwaka 2027 tutakuwa wenyeji wa AFCON pamoja na Kenya na Uganda, na viwanja vinajengwa vizuri sana. Waamuzi wa mashindano kama hayo huanzia kwenye majivu na mikaratusi, na huku kwetu wanaishia hapohapo.

Mwisho, Mheshimiwa, tunakukaribisha Ngara kwa mikono miwili, na Biharamulo wamenituma niseme vivyo hivyo. Tunakuomba jambo moja ambalo ni kinyume cha itifaki, na nalitamka huku nimeinamisha kichwa: uje bila taarifa. Ukija kwa taarifa utakuta kamba mpya, mistari ya chokaa, gari la polisi kila upande, mashabiki wamekaa chini, na soda ya baridi mezani kwa mwamuzi. Utaondoka ukijiuliza barua hii iliandikwa na nani, na kwa nini. Njoo siku ya nusu fainali, jioni, na kofia ya kawaida. Simama upande wa barabara.

Wako mtiifu sana,

Mwamuzi wa daraja la tatu,
Ngara.

Nakala:
Mkuu wa Wilaya, Ngara.
Mkuu wa Wilaya, Biharamulo.
Waheshimiwa wote wenye makombe.